Mraba Mmoja Mtupu

Kila siku saa tisa alasiri, Sisimizi alifungua mlango wa nyumba yao taratibu, kama mwizi anayeingia kwake mwenyewe. Alivua viatu nje, akavishika mkononi, akapita kwa ncha za vidole. Nyuma ya pazia la chumba cha kwanza baba yake alikuwa amelala. Baba alikuwa mwokaji mikate. Alitoka nyumbani kabla jogoo hajawika, akarudi adhuhuri na unga kwenye nyusi, akala kidogo, kisha akalala mpaka jua lilipokaribia kuzama. Katika muda huo nyumba haikuwa na ruhusa ya kelele. Hata birika Sisimizi alilitua mezani kama anayelaza mtoto mchanga.

Baba ndiye aliyempa jina hilo la Sisimizi, kwa sababu alipokuwa mdogo alizoea kuokota makombo ya mkate na kuyapeleka pembeni, moja moja, akala huko peke yake. Sasa alikuwa na miaka kumi na hakula tena makombo, lakini jina lilikuwa limeshaganda.

Mama hakuwepo. Ulikuwa mwezi wa nne tangu aende kumuuguza bibi aliyevunjika nyonga, mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi. Jumapili jioni alipiga simu. Siku nyingine sita nyumba ilikuwa na mtu mmoja aliyelala na mtu mmoja aliyenyamaza.

Sisimizi alinawa mikono, akakaa kwenye kigoda karibu na dirisha, akafungua boksi dogo la vibandiko. Alitoa kimoja, akakibandika juu ya jicho la kulia, akakibonyeza kingo zote, kisha akavaa miwani juu yake. Mara moja dunia ikaingia ukungu. Mti wa jirani ukawa doa la kijani. Watoto waliokuwa wakicheza uwanjani wakawa vivuli vinavyoruka.

Jicho lake la kushoto lilikuwa zuri kwa kulitazama, lakini lilikuwa vivu. Mama mpimaji wa macho, pale kliniki, alimweleza vizuri tangu siku ya kwanza. Jicho la kulia lilikuwa likifanya kazi ya mawili, la kushoto likazoea kubebwa. Dawa yake ilikuwa kulifunga la kulia kwa muda wa saa nne kila siku, ili la kushoto likose wa kumtegemea. Na katika muda huo lazima lipewe kazi ya karibu: kusoma, kuchora, kutunga shanga. Mpimaji aliongeza kwamba ubongo wa mtoto bado unakubali kufundishwa. Ukubwani huwa mkaidi, na jicho lililoachwa lilale halirudi kwa urahisi.

Wiki ya kwanza Sisimizi alivaa kibandiko shuleni. Siku ya pili tu alishapewa jina: Chongo. Mwalimu aliwagombeza wote waliolitaja, nalo likashuka likawa la kunong'onwa, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Aliporudi nyumbani akilia, baba alijaribu kumchangamsha.

"Usiwajali, mama. Wahenga walisema akipenda chongo huita kengeza."

"Na asiyependa je, baba?"

Baba alimfuta machozi. Wakakubaliana awe anavaa nyumbani, kuanzia saa tisa mpaka saa moja. Hizo ndizo saa ambazo watoto wote wa mtaa walikuwa nje. Sisimizi aliona afadhali upweke kuliko lile jina.

Kwenye ukuta, kando ya rafu ya vyombo, kulikuwa na karatasi ya miraba aliyopewa na mpimaji. Miraba arobaini na miwili, wiki sita. Kila jioni baada ya kubandua kibandiko, alipaka mraba mmoja kwa penseli ya bluu. Karatasi ya kwanza aliijaza yote bila kuruka. Walipokwenda kliniki, jicho la kushoto ambalo mwanzoni lilisoma mstari wa juu peke yake, wenye alama kubwa kama kiganja, likasoma mpaka mstari wa tatu. Mpimaji alitabasamu, akampa karatasi ya pili. Mama aliposikia kwenye simu alipiga kigelegele mpaka bibi akaamka.

Siku ya kumi na sita ya karatasi hiyo ya pili ilikuwa Jumamosi. Sisimizi alikuwa amevaa kibandiko kwa nusu saa tu, sindano na uzi vikiwa mkononi, aliposikia mtu akigonga wavu wa dirisha kwa ukucha. Alikuwa Kiroboto, msichana wa nyumba ya tatu, aliyeitwa hivyo kwa jinsi alivyoruka kamba. Kiroboto alinong'ona kwamba wanashindana na mtaa wa juu, na wamepungukiwa mtu mmoja. Kama hawatapata mwingine watahesabiwa wameshindwa kabla ya kuanza.

"Siwezi. Sijamaliza saa zangu," Sisimizi alinong'ona.

"Kwani leo tu kutakuwa na nini?"

Sisimizi alitazama pazia la baba. Alitazama vivuli uwanjani. Kwa muda wa wiki nane na zaidi hakuna mtu aliyegonga dirisha lake kumwita popote. Alibandua kibandiko, akakikunja, akatoka na viatu mkononi.

Mchana ule ulikuwa mtamu. Aliruka mpaka soksi zikashuka. Mtaa wao ulishinda kwa mruko mmoja, na Kiroboto akamkumbatia mbele ya watu. Alirudi nyumbani saa kumi na mbili, akanawa miguu, akaketi kwenye kigoda chake kabla baba hajaamka.

Hapo ndipo alipoitazama karatasi. Miraba kumi na mitano ya bluu, kisha mmoja mtupu. Ulionekana kama pengo la jino la mbele, lile ambalo mtu akicheka ndilo la kwanza kuonwa. Aliona kazi yote ya nyuma imechafuka. Maji yakimwagika hayazoleki, alijiambia. Alichukua penseli ya bluu akaupaka ule mraba, taratibu, kwa unadhifu kuliko mingine yote.

Kesho yake hakuvaa. Hakuwa na sababu. Alijiambia kwamba kwa kuwa Jumamosi imeshaharibika, ni vizuri zaidi kuanza upya Jumatatu, wiki ikiwa mpya. Jioni mama alipiga simu, akauliza kama anavaa. Sisimizi akajibu kwamba anavaa. Jumatatu alichelewa kurudi kwa sababu ya mvua, akaona saa nne hazitatimia, basi zina faida gani? Jumanne akaona ni vizuri zaidi kungoja tarehe mosi. Ilipofika tarehe mosi akasema ataanza na karatasi ya tatu, safi, isiyo na doa. Kila jioni alitoa kibandiko kipya kwenye boksi ili baba aone vinapungua, akakificha ndani ya mkoba wa zamani chini ya kitanda, kisha akapaka mraba wake. Rangi ya bluu haikukataa.

Na la ajabu ni kwamba hakupata hata kile ambacho aliacha kazi kwa ajili yake. Mashindano ya kamba yalidumu siku nne, kisha watoto wakachoka nayo. Kiroboto alianza masomo ya ziada jioni. Uwanja ukabaki na mbuzi wawili. Sisimizi alikaa kwenye kigoda kilekile, dirisha lilelile, macho yote mawili wazi, akisikiliza baba akikoroma. Zamani alikuwa mpweke lakini alikuwa na kazi. Sasa alikuwa mpweke na siri, na siri ni mgeni asiyejua kuaga. Baba alipoamka na kumuuliza habari za jicho, alijibu akiwa ameinamia sufuria.

Jumapili moja mama alimwambia kwamba majirani wote wa bibi wanamjua. Alikuwa akiwasimulia habari za binti yake wa miaka kumi ambaye hajakosa siku hata moja. Sisimizi alimrudishia baba simu, akaenda kukaa chooni mpaka mazungumzo yakaisha.

Siku ya kliniki ilifika. Baba hakulala mchana huo. Alitoka kazini moja kwa moja, akanawa uso, wakaenda pamoja. Kwenye benchi la kungojea alisinzia ameegemea ukuta, mdomo wazi kidogo, karatasi ya miraba ikiwa imekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa shati lake. Sisimizi aliitazama ile karatasi ikipanda na kushuka kwa pumzi za baba. Alitamani foleni isisogee. Ikasogea.

Mama mpimaji alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, miwani yake mwenyewe ikining'inia shingoni kwa kamba. Alifungua karatasi, akapitisha kidole mstari kwa mstari.

"Hamkukosa hata siku moja?"

"Hata moja," baba alijibu, na kifua kikamtanuka. "Mimi mchana nalala, kazi yangu ni ya alfajiri. Lakini huyu hahitaji kusukumwa."

Mpimaji alimkalisha Sisimizi kwenye kiti, akamfunika jicho la kulia, akaanza kuonyesha alama ukutani kwa kijiti. Kila alama ilikuwa na miguu mitatu, na kazi ilikuwa kuonyesha kwa mkono miguu inaelekea wapi. Mstari wa kwanza ulikuwa rahisi. Wa pili aliuweza kwa kukunja uso. Wa tatu, ule alioupita wiki sita zilizopita, ulikuwa umegeuka kundi la nzi. Alionyesha juu, mpimaji akarudisha kijiti palepale. Akaonyesha kulia, kijiti kikarudi tena. Mpimaji aliurudia mstari huo mara tatu. Kisha akawasha kurunzi ndogo, akachungulia ndani ya jicho kwa muda mrefu, akazima, akarudi mezani.

Alizungumza na baba, si na mtoto. Alisema kwamba kama mtoto angekuwa amekosa siku nyingi, angejua la kufanya. Lakini huyu amevaa siku zote arobaini na mbili na jicho limerudi nyuma, na mambo hayo mawili hayaendi pamoja. Ingebidi kibandiko kiachwe kwanza. Angewaandikia barua ya hospitali kubwa, mji mwingine, wamwangalie vizuri nyuma ya jicho, na pengine kichwani.

"Kichwani kuna nini?" baba aliuliza.

"Sijui, baba. Ndiyo maana nawatuma."

Mpimaji akavuta karatasi akaanza kuandika. Baba aliweka mikono yake miwili juu ya magoti. Ilikuwa mikono mikubwa, yenye alama za kuungua za miaka mingi, na unga mweupe ulikuwa bado kwenye mikunjo ya vidole. Aliuliza kama ni kitu ambacho yeye angepaswa kukiona mapema. Aliuliza kama ingesaidia lau angekuwa haendi kulala mchana. Mpimaji akamwambia asijilaumu. Baba akaitikia kwa kichwa, lakini ilionekana wazi kwamba ameshaanza kujilaumu.

Sisimizi aliisikia kalamu ikikwaruza.

"Sikuvaa," alisema.

Kalamu haikusimama. Alikuwa amesema kwa sauti ndogo mno. Akalazimika kusema tena, na mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.

"Sikuvaa. Nilipaka rangi tu."

Kalamu ikasimama. Mpimaji alimgeukia, akamuuliza ni siku ngapi. Sisimizi alieleza yote, kuanzia ule mchana wa kamba mpaka mkoba ulio chini ya kitanda, wenye vibandiko ishirini na sita vipya. Alieleza akiangalia viatu vyake. Baba hakusema neno. Sisimizi angependa apigiwe kelele. Ule ukimya ulijaa chumbani kama moshi, na kila alipomaliza sentensi moja ulizidi kuwa mzito.

Mpimaji aliichukua ile barua ya hospitali, akaichana vipande viwili, akavitupa kwenye ndoo.

"Unajua nini kilichonitisha leo?" alisema. "Jicho lako halikunitisha. Ni karatasi yako. Nilikuwa napeleka ugonjwa usiokuwepo hospitali kubwa, na dawa inayofaa nilikuwa naifuta, kwa sababu karatasi ilinidanganya."

Sisimizi machozi yalimtoka, yakaingia chini ya miwani.

"Haya, niambie. Ile Jumamosi naielewa, mtoto lazima acheze. Jumapili ulizuiwa na nini?"

Sisimizi alifikiri. Alitaka kusema kweli, na kweli yenyewe ilionekana ya kipuuzi. "Niliona siku moja imeshaharibika, basi karatasi yote imeharibika."

Mpimaji alivuta kiti chake karibu mpaka magoti yao yakakaribia kugusana. "Sikiliza. Ile Jumamosi haikulifanya jicho lako kitu. Naapa. Ungevaa Jumapili, leo ningekukuta mstari wa nne, nami nisingejua kama ulikosa. Kuteleza si kuanguka, wahenga walisema. Lakini hawakusema mtu akishateleza atandike mkeka alale palepale."

Baba alitoa sauti puani. Haikuwa kicheko, lakini ilikuwa sauti ya kwanza aliyoitoa.

Mpimaji alichukua karatasi mpya, akachora mstari wa kuandikia chini ya kila mraba. Akamwambia Sisimizi kwamba siku akivaa apake rangi. Asipovaa, auache mtupu na aandike sababu kwa neno moja au mawili, hata kama ni sababu ya aibu. Hataki karatasi safi, alisema, anataka karatasi ya kweli. Tena akampa sharti moja tu: mraba mtupu usiwe na jirani mtupu. Siku moja ikipotea, ya pili avae, hata kama ni kwa nusu saa, hata kama analia.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Baba alitangulia hatua mbili, naye hakuwa na kawaida ya kutangulia. Walipita karakana ya baiskeli, walipita duka la vitabu, walipita ukuta mrefu wa kiwanda. Sisimizi alifuata kivuli cha baba bila kukikanyaga. Walipofika kwenye daraja dogo la mfereji, baba alisimama akaegemea kizuizi.

"Tukiunguza mikate kule kazini, unajua huwa tunafanyaje?"

"Mnaitupa."

"Tunaitupa, ndiyo. Halafu?"

Sisimizi alitikisa kichwa.

"Halafu tunakanda mingine. Kesho watu wataamka na njaa yao, hawatauliza tuliunguza lini. Nimeunguza mikate mingi, mwanangu. Ningekuwa kila nikiunguza nazima tanuri, tusingekuwa na nyumba." Akatazama maji machafu yakipita. "Umeniumiza. Kwa uongo, wala si kwa jicho. Lakini na mimi nina langu. Nimelala nyumba moja nawe miezi minne, nikadhani nakaa nawe."

Sisimizi alimshika mkono. Baba hakuutoa.

Baba aliamua mambo mawili. La kwanza, Sisimizi mwenyewe atamwambia mama. La pili, kuanzia kesho amwamshe baba saa kumi na moja badala ya kumwacha alale mpaka jua lizame. Sisimizi alipinga, akisema atachoka. Baba akajibu kwamba kuchoka ni kwake, na yeye mwenyewe ndiye anayejua usingizi wake una faida kiasi gani.

Jumapili Sisimizi alimweleza mama yote kwenye simu, bila kuficha lolote. Kisha mama aliuliza neno moja tu.

"Leo umevaa?"

"Nimevaa, mama. Bado ninacho hapa."

"Basi nitakuwa nakuuliza la leo tu."

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu kuliko zile za kwanza kabisa, kwa sababu sasa alijua jinsi ilivyo rahisi kuacha. Kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na moja alikuwa peke yake na ukungu wake. Alisoma kitabu cha jiografia, mstari mmoja kwa dakika nzima. Alitunga shanga, akapoteza nyingi sakafuni. Kisha aliinuka akamgusa baba bega. Baba aliamka akipepesa macho, akanawa, akaja kukaa naye sakafuni na ungo wa maharage kati yao. Walichambua pamoja. Baba alitoa mawe, na Sisimizi, kwa jicho lake vivu, alitoa mawe pia, na mara nyingine alitoa maharage yenyewe. Baba aliyarudisha kimyakimya. Hawakuwa na maneno mengi. Lakini ukimya wa watu wawili waliozunguka ungo mmoja haufanani na ule mwingine.

Siku moja, kama saa kumi, alichukua uamuzi wa kutoka nje na kibandiko chake. Alikwenda mpaka ukingoni mwa uwanja, ambapo watoto wachache walikuwa wakirusha mpira. Mmoja aliita, "Chongo kaja." Wawili wakacheka. Sisimizi alihisi shingo ikiwaka moto. Alisimama pale kwa muda wa kuhesabu mpaka mia, kisha akarudi ndani. Hakuna aliyemfuata. Kesho yake alitoka tena, akahesabu mpaka mia mbili. Siku ya tano hakuna aliyesema kitu. Walikuwa wakibishana kuhusu mpira. Jina lilikuwa limechoka kabla yake. Hakupata marafiki wapya kwa hilo, ila Kiroboto, siku asiyokuwa na masomo, alikuja kukaa kwenye ngazi karibu naye, akamwomba amwonyeshe jinsi ya kutunga shanga.

Siku ya kumi na tatu alishindwa. Haikuwa mvua, haikuwa kamba, haikuwa homa. Alikuwa na hasira tu. Alikuwa amepata alama mbaya za hesabu, kibandiko kilimwasha, uzi ulikataa kuingia kwenye sindano mara tisa. Alikibandua baada ya dakika ishirini, akakitupa, akajilaza kifudifudi mpaka saa kumi na moja. Alipomwamsha baba, baba aliona jicho wazi, akaona uso wake, akaenda kuleta ungo bila kuuliza.

Jioni Sisimizi alisimama mbele ya ukuta. Miraba kumi na miwili ya bluu, na nafasi ya kumi na tatu. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye penseli ya bluu. Alijua mkono ule. Ulikuwa ukienda hivyo siku ishirini na saba. Angeweza kupaka, baba alikuwa uani akiosha ungo, na mpimaji asingejua. Akaiweka ile penseli, akachukua kalamu, akaandika chini ya mraba neno moja: *Hasira*. Kisha akakaa chini, akalitazama. Lilikuwa neno dogo. Alingoja aone kama karatasi yote itaharibika, kama alivyodhani siku ile. Miraba kumi na miwili ilibaki ya bluu.

Kesho yake saa tisa hakutaka kuvaa. Hakutaka kabisa. Aligeuza boksi mkononi, akatembea mpaka mlangoni, akarudi. Alivaa akilia kidogo, kama alivyoambiwa kwamba inaruhusiwa.

Wiki sita zilipoisha walikwenda tena kliniki. Safari hii Sisimizi ndiye aliyeibeba karatasi. Mpimaji hakuitazama kwanza. Alimkalisha kwenye kiti, akafunika jicho la kulia, akachukua kijiti. Mstari wa kwanza, wa pili. Wa tatu aliupita bila kukunja uso. Wa nne alikwenda polepole, akaupata wote. Wa tano alipata alama mbili, nyingine zikawa nzi. Mpimaji akaweka kijiti chini, akaandika. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Alitoa leso akafuta uso wake wote, kana kwamba chumba kile kilikuwa na joto la tanuri.

Ndipo mpimaji alipoifungua karatasi mezani. Ilikuwa na doa la chai pembeni. Kati ya miraba arobaini na miwili, mitano ilikuwa mitupu. Aliisoma kwa sauti, kidole juu ya kila mmoja: Hasira. Homa. Nilisahau. Mgeni. Sijui kwa nini.

Sisimizi aliinamisha kichwa. "Ile nyingine ilikuwa nzuri zaidi kwa kuitazama," alisema.

"Ndiyo, ilikuwa nzuri sana," mpimaji alikubali. "Njoo uone huku." Alimvuta karibu, akasogeza kidole kutoka kwenye mraba mtupu wa kwanza mpaka ule uliofuata, wa bluu. Akafanya hivyo kwa wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. "Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa, na mtu asiyekosa siku simjui, mimi mwenyewe nikiwemo. Ninaowajua ni wa aina mbili tu, walioacha na waliorudi. Wote walikosa. Siku uliyoikosa imeshaondoka, haikudai kitu tena. Inayokungoja ni hii inayofuata. Umerudi mara tano, mwanangu. Jicho lako linapona kwa mara hizo tano, kama linavyopona kwa siku zote ulizovaa."

Sisimizi aliuliza umebaki muda gani wa kuvaa kibandiko.

Mpimaji hakumdanganya. Alisema miezi sita, pengine na zaidi, na kwamba mapengo mengine yatakuja.

Ilikuwa miezi mingi. Sisimizi aliipiga hesabu kichwani, nayo haikupungua. Ukutani saa ilionyesha saa tisa na dakika kumi. Akaomba kibandiko, akavua miwani, akakibandika hapohapo akiwa amesimama, akabonyeza kingo zote kwa kidole, akarudisha miwani. Baba akamfungulia mlango, wakatoka barabarani penye watu wengi, yeye akitafuta njia kwa jicho lake la kushoto.